Kidonge cha KRAS: majibu ya kipimo kwanza

Siku hizi maduka ya dawa ya Ngamiani na Chumbageni, hapa Tanga, yanapokea wananchi wanaoulizia "kidonge kipya cha saratani". Wengine huja na boksi waliloletewa na ndugu kutoka nje, bila karatasi yoyote ya kipimo. Nia ni njema, kwani mgonjwa yupo nyumbani anasubiri. Ila kidonge hicho, yaani dawa ya sotorasibu, hakitibu kila saratani. Kinakamata kosa moja, la herufi moja ya jeni.

Protini ya KRAS, iliyomo ndani ya seli, ni swichi. Ikishika GTP, molekuli ndogo inayoiwasha, huiamuru seli igawanyike. Ikiikata GTP kuwa GDP, hutulia. Kwenye nafasi ya 12 ya mnyororo wake hukaa asidi amino (kijenzi cha protini) ndogo kuliko zote, glaisini. Kwenye jeni, herufi GGT zikigeuka TGT, glaisini hutoka na sisteini huingia, na swichi huwa ngumu kuzimika. Hilo ndilo kosa liitwalo G12C, na huonekana zaidi kwenye saratani ya mapafu ya wavuta sigara.

KRAS iliwashinda watafiti kwa miongo kadhaa, kwa kuwa huing'ang'ania GTP kiasi kwamba dawa haiwezi kuinyang'anya. Mwaka 2013 maabara ya Kevan Shokat, Marekani, ilionyesha kishimo kilichojificha jirani na ile sisteini. Sisteini ina salfa iliyo tayari kufungana. Sotorasibu huingia kishimoni, ncha yake ya akrilamaidi hukutana na salfa, kisha kaboni na salfa hushikana kwa kifungo cha kovalenti kisichoachia. Swichi hunaswa ikiwa imeshika GDP, yaani imezimwa, na hubaki hivyo mpaka seli iivunje protini hiyo. Lakini seli hutengeneza nyingine, ndiyo maana dawa humezwa kila siku.

KRAS isiyo na kasoro haina sisteini hapo. KRAS yenye G12D, kosa jingine linaloongoza kwenye saratani ya kongosho, nayo haina. Basi jibu la maabara linalosema tu "KRAS ina kasoro" halitoshi. Lazima liandikwe G12C. Kumpa mgonjwa wa G12D kidonge hiki ni kumbebesha madhara bure, na hilo halina mjadala.

Dozi ya kawaida ni miligramu 960 mara moja kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 120. Usivitafune wala kuvisaga. Asiyeweza kumeza avitie kwenye mililita 120 za maji ya kawaida yasiyo na gesi, akoroge hadi visambae na anywe ndani ya saa 2. Kisha asuuze glasi kwa maji kiasi kilekile na kuyanywa. Saa 6 zikipita tangu muda wa dozi, iache hadi kesho. Akitapika, asirudie.

Kinachoharibu tiba mara nyingi ni vidonge vingine vya nyumbani. Omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo, na sotorasibu hufyonzwa kidogo. Dawa ya kiungulia ya kutafuna ikilazimu, sotorasibu imezwe saa 4 kabla yake au saa 10 baada yake. Rifampisini ya kifua kikuu huliamsha ini likaivunja dawa upesi mno. Mwambie daktari mapema, usiache dawa ya TB wala ya saratani kwa uamuzi wako. Vimeng'enya vya ini hupimwa kila wiki 3 kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha kila mwezi. Macho yakiwa ya njano, usisubiri tarehe.

Katika utafiti uliotumiwa kuiidhinisha sotorasibu nchini Marekani mwaka 2021, kati ya wagonjwa 124 waliokwisha kupata tiba nyingine, uvimbe ulipungua vya kutosha kwa 36%. Baadaye saratani huweza kurudi: kishimo hubadilika umbo, au seli huzidisha idadi ya KRAS. Mgonjwa hajakosea chochote.

Mwisho, dawa isiyosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, haiingizwi nchini bila kibali. Huweza kukamatwa na kuteketezwa, na aliyeileta kushtakiwa chini ya Sura ya 219 ya Sheria za Tanzania. Mwenye boksi tayari asimpe mgonjwa hata kidonge kimoja. Alipeleke kwa daktari wa saratani pamoja na majibu ya kipimo na orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa, za miti shamba zikiwemo.