Maafa hayafuti sheria ya forodha

Mimi ni wakili hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni asasi zinazopokea mizigo kutoka nje. Masika yakikaribia na watu wa Korogwe na Pangani wakianza kuutazama mto kwa wasiwasi, naletewa maneno yale yale: "Wakili, hii ni dharura, nani atauzuia mzigo wa msaada?" Yamenichosha, kwa sababu wanaoumia ni wale waliolala kwenye madarasa ya shule wakisubiri maturubai.

Maafa hayafuti sheria hata moja. Msamaha wa kodi upo, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inazitambua bidhaa za msaada wa dharura. Lakini msamaha huombwa, tena na mpokeaji anayejulikana, kwa mzigo unaojulikana. Mimi naletewa karatasi imeandikwa "misaada mbalimbali", na mahali pa mpokeaji "wananchi walioathirika". Ofisa gani atasaini hapo? Simlaumu. Barua zikizunguka, gharama za kontena bandarini zinapanda, na anayezilipa ni asasi ile ile iliyokuja kusaidia.

Msiseme haya ni ya nchi maskini tu. Kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani mwaka 2005, Uingereza ilipeleka vyakula vya kijeshi vilivyofungwa tayari kuliwa. Vikazuiwa, kwani nyama ya ng'ombe ya Uingereza ilikuwa imepigwa marufuku kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe, vikaishia ghalani Arkansas. Chakula kilikuwepo, ndege zilikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kupokea, ulioandikwa kabla maji hayajafika.

Kwa hiyo Novemba 2007, kule Geneva, serikali pamoja na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu walipitisha miongozo ya kuzisaidia nchi kuandaa sheria zake: viza za waokoaji, ushuru, vyeti vya wataalamu, magari na redio za mawasiliano, na pia wajibu wa anayetoa msaada. Miongozo hiyo haimlazimishi mtu. Inapata nguvu nchi ikiiingiza kwenye sheria na kanuni zake. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Kwa maoni yangu mzigo hukwama au hupita kwenye kanuni na fomu, na huko ndiko wanasheria wenzangu hawataki kuumiza kichwa.

Kuna wanaosema kupokea msaada ni kuuza uhuru wa nchi. Si kweli. Azimio 46/182 la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1991, linasema msaada utolewe kwa ridhaa ya nchi iliyoathirika. Tena mwenye utaratibu ndiye anayeweza kukataa kitu bila kugombana na mtu.

"Cha bure kipokelewe chote." Hapana! Baada ya tsunami ya 2004, Aceh, jimbo la Indonesia, ililetewa dawa zilizokwisha muda na nyingine zenye maelezo yasiyosomeka na wahudumu wa pale, ikabidi zitafutiwe namna ya kuteketezwa. Shirika la Afya Duniani linataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja wa kutumika.

Daktari mgeni naye hagusi mgonjwa kabla vyeti vyake havijatambuliwa.

Na hili si la Dodoma peke yake. Kamati za maafa zinashuka mpaka kijijini. Kamati ya wilaya ikutane sasa, jua likiwa bado kali, imwite wakala wa forodha, wakubaliane mpokeaji ni nani, stoo ipi itatumika, na barua ya kuomba msamaha iandikwe kabisa, ibakizwe nafasi ya tarehe. Orodha ya mzigo iwe ya katoni kwa katoni: kitu gani, vingapi, kilo ngapi, kinaisha muda lini.