Leso ya mezani: mbona hii haifuti?

Leso ya mezani ikishindwa kufuta mafuta mdomoni ni pambo tu, hata ikikunjwa umbo la kofia ya askofu. Mara nyingi kosa huanzia kwenye duka la vitambaa na beseni la kufulia.

Zamani kazi yake ilikuwa vidole. Wasparta wa Ugiriki ya kale walijifuta kwa madonge ya unga uliokandwa, kisha wakayatupia mbwa. Warumi walikuwa na kitambaa walichokiita mappa. Mgeni alikuja na chake, akarudi nacho nyumbani kimefungia chakula kilichobaki. (Waliowahi kutoka harusini na kifurushi wanaelewa.) Uma ulipoenea Ulaya, vidole havikuchafuka sana na leso zikapungua ukubwa. Kwetu kunawa kwa jagi na beseni ndiko kunakosafisha mikono, hivyo leso hubaki na kazi ya midomo.

Nunua pamba. Poliesta haijikunji, lakini hainyonyi. Fua kitambaa kabla ya kukikata, kwa sababu pamba hunywea, na leso ikipoteza umbo la mraba kila mkunjo utakwenda upande. Kata sentimita 54 kwa 54. Ukipinda sentimita 2 kila upande unabaki na 50.

Doa la yai au maziwa lianze na maji baridi, maana ya moto huligandisha. La chai usilisugue kwa sabuni ya mche, huzidi kung'ang'ania. Loweka kwa sabuni ya unga. Utomvu wa ndizi ukikauka huacha rangi ya kahawia isiyotoka, kwa hiyo wanaomenya ndizi za kupika wasiguse leso.

Ili isimame inapokunjwa, koroga kijiko 1 cha wanga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, umimine kwenye lita 1 ya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji uwe angavu. Ukiutia mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini wanga huiva vizuri tu. Ukizidisha, leso inakuwa ngumu kama karatasi na inakwaruza midomo.

Piga pasi ikiwa mbichi kidogo, kisha itundike ikauke kabisa. Ikiingia kabatini na unyevu, kuvu hula ule wanga na kuacha vidoa vyeusi. Kwa mvua za Tukuyu, ni afadhali kuacha wanga na kuinyoosha tu.