Mashudu Mengi Si Nyama Nyingi

Idi Kubwa ikikaribia, wafugaji wengi Mombasa huamini kwamba mwanakondoo akilundikiwa mashudu, yaani makapi ya mbegu au nazi iliyokamuliwa mafuta, yenye protini nyingi, atatoa nyama nyingi na laini. Kuna ukweli ndani yake, ila una mpaka. Aliyeachishwa ziwa huhitaji protini takriban asilimia 14 hadi 16 ya uzito wa chakula bila maji yake. Ikipungua, hudumaa, na nishati asiyoitumia kujenga misuli hugeuka shahamu. Ikizidi, misuli haiongezeki: ini huigeuza taka iitwayo urea, ikatoka na mkojo, na kazi hiyo yenyewe hula nishati. Hizo ni pesa za mfugaji, na inaniuma kuona zikipotea. Ulaini hutegemea zaidi umri, na utulivu wa mnyama kabla ya kuchinjwa. Mashudu ya nazi yachanganywe na pumba za mahindi na nyasi.