Kapteni, Shuka Kidogo Tuone Simba

Kila nikipita juu ya Tsavo Mashariki na abiria, lazima atokee mmoja wa kunigusa bega: "Kapteni, shuka kidogo tuone simba." Juzi alikuwa mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeikodi nzima ndege yangu ndogo, Caravan, awatembeze wajukuu. Nilipomwambia, "Mzee wangu, hapa tulipo ndipo pazuri," akawageukia watoto: "Anabania mafuta huyu." Wakacheka sana. Basi leo naandika, maana kuyaeleza haya kwa kushindana na kelele za injini kutanimaliza sauti.

Mafuta sibanii. Injini ya Caravan hula zaidi ikiruka chini kuliko ikiruka juu, kwa hivyo mwenye kubana angepanda, hangeshuka.

Tatizo ni mwendo. Caravan ikishatulia safarini huenda kama kilomita 300 kwa saa, yaani mita 80 na ushei kila sekunde. Ukiwa futi 500, kama mita 150 kutoka ardhini, kichaka kilicho chini ya bawa huingia dirishani na kutoka kabla hujamaliza kusema "tazama". Panda hadi futi 2,000 kwa mwendo uleule, na kichaka kilekile kitakaa machoni mwako mara nne zaidi. Waliopanda treni ya SGR wanalijua hili: nguzo za kando ya reli hazishikiki kwa jicho, lakini milima ya Taita unakwenda nayo mpaka uichoke. Kinachokupa nafasi ya kumtambua mnyama ni muda wa kumtazama, na muda huo unapatikana juu.

"Basi punguza mwendo," wataalamu wa kiti cha nyuma hunijibu. Haya. Bawa huibeba ndege kwa sababu hewa inapita juu yake kwa kasi ya kutosha. Kasi ikipungua mno, bawa linaacha kubeba, na hiyo ndiyo stoli. Halafu abiria hataki nipunguze tu, anataka pia nimzungukie simba wake. Ndege ikilala digrii 60 kwenye kona huku ikishikilia urefu wake, bawa linabeba uzito maradufu, na kile kiwango cha mwendo ambacho chini yake bawa haliwezi tena kinapanda kwa asilimia 40 hivi. Yaani mkono wangu unapunguza mwendo huku kona yenyewe inainua kiwango, na hivyo viwili vinatafutana. Vikikutana futi 5,000, nasukuma usukani mbele, napoteza futi mia kadhaa, tunaendelea na mazungumzo. Vikikutana futi 300 hakuna futi za kupoteza. Na rubani anayemtafuta simba huwa macho yake yako chini nje ya dirisha, wala hayako kwenye saa ya mwendo. Niachie hapo, nikiendelea nitapandwa na presha.

Sheria inaniruhusu futi 500 juu ya nchi tupu na futi 1,000 juu ya mji. Mbugani najiwekea zaidi ya hapo, kwa kuwa sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu na mali zao, ndovu hakuulizwa. Na hapa nina wasiwasi ambao vitabu vya urubani haviugusi. Napita futi 1,500 karibu na bwawa la Aruba, kundi linakunywa maji wala halina habari na mimi. Siku nyingine, urefu uleule, majike wanawazingira watoto na masikio yamefunguka. Wale wa kwanza walikuwa wametulia, au walivumilia tu? Mimi siamini kwamba mnyama asiyekimbia hajasumbuka. Vipeperushi vinavyoahidi kuwatazama wanyama "bila kuwasumbua" viliandikwa na mtu aliyekaa ofisini.

Ikifika hapo mtu hunitolea simu, picha za puto la Maasai Mara: mbona hawa wanapita vileleni mwa miti? Wanapita kwa sababu puto linakwenda na upepo, na upepo wa alfajiri ni wa pole. Likienda kilomita 10 au 15 kwa saa, kuwa chini kunafaa, unamwona nyumbu mpaka kope. Usukani halina. Rubani wake hupanda na kushuka akitafuta tabaka la upepo unaoelekea anakotaka, akilikosa mnatua mlikopelekwa, na gari linawafuata nyuma. Huruka mapema, hewa ikiwa baridi na imetulia, kabla jua halijaanza kuchemsha ardhi, na kwa kawaida mnakaa juu kama saa moja. Kwa kuwatazama wanyama kutoka angani, puto linaishinda ndege yangu, tena kwa mbali. Ila kutoka Mombasa mpaka Mara ni karibu saa mbili hewani, na huko ni lazima ulale. Na dada aliyeniuliza puto la kuondokea Nyali nilimkumbusha kwamba alfajiri umande huvuma kutoka bara kwenda baharini. Safari angeipata, lakini ya kutazama papa.

Helikopta inaweza kusimama hewani, kweli. Lakini helikopta ndiyo shirika la wanyamapori, KWS, huitumia kumpiga ndovu sindano ya usingizi, na ndovu hasahau. Droni hairuhusiwi mbugani bila kibali, usiifiche kwenye begi. Begi lenyewe liwe laini, la kilo 15, halafu lipimwe bila ugomvi.

Sasa kwani tunapaa kutazama nini? Simba ni wa gari. Mchana amelala chini ya kichaka, rangi yake na ya majani makavu ni moja, na hata ningetua juu ya mti usingemwona. Angani unaona yale ambayo gari haliwezi kukuonyesha: njia za ndovu zikitoka kila upande kuja kwenye maji, na nyingine zikijikusanya kuelekea vivuko vya chini ya reli. Unaiona Yatta, ukuta wa lava wa karibu kilomita 300, na Galana ikipita chini yake na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ukipita Tsavo Magharibi unaona ukanda wa kijani katikati ya mawe meusi: hiyo ni Mzima, mvua ya Chyulu iliyochujwa na lava, na ndiyo maji ya mfereji ambayo wengi wetu Mombasa tumeyaoga.

Wanyama wenyewe watafute kwa kivuli. Asubuhi jua likiwa chini, kivuli cha twiga unakiona kwa mbali kabla hujamwona mwenyewe. Hesabu ya mwaka 2021 iliyopata ndovu 36,280 Kenya nzima ilitegemea sana watu wenye macho yaliyofunzwa ndani ya ndege ndogo, kila mmoja na upande wake, na hata wao wanajua kwamba wapo ndovu wasiowaona. Wewe na simu yako usijilaumu.

Ukitoka uwanja wa Moi kwenda bara, kaa kushoto, na uondoke mapema: Kilimanjaro kuelekea saa nne mara nyingi huwa imeshajifunika. Vaa shati jeusi, kwa sababu jeupe linajirudisha kwenye dirisha na kuharibu kila picha. Miwani ya polaroidi iache mfukoni, dirisha ni la plastiki na litakuonyesha upinde wa mvua usiokuwepo. Na simu usiiegemeze kwenye kioo, inatetemeka na ndege.