Hataza ya mchakato wa kutoa protini: unalinda nini hasa?

Mashudu ya alizeti yanayobaki viwandani Singida na Dodoma huishia kwenye chakula cha mifugo, ilhali bado yana protini nyingi. Anayefanikiwa kuitoa ikafaa kuliwa na binadamu hutaka kujua kama anaweza kuipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake.

Protini yenyewe, hapana. Ilikuwamo kwenye mbegu tangu awali. Kinacholindwa ni mchakato, na hapa wengi hujikwaa, kwa sababu njia ya msingi ni kongwe. Unga uliotolewa mafuta huchanganywa na maji yenye alikali, protini ikayeyuka, makapi yakachujwa. Kisha huongezwa tindikali, na ikifika karibu na pH 4.5 (pH ni kipimo cha tindikali na alikali), protini, kwa mfano ya soya, huganda na kuzama. Kampuni ya Glidden ya Marekani ilizalisha protini ya soya katika kiwanda chake cha Chicago tangu miaka ya 1930, kazi ikiongozwa na mkemia Percy Julian. Ukiandika hatua hizo tu, mkaguzi wa maombi ya hataza atakukatalia, tena kwa haki.

Eleza ugumu ulioutatua. Alizeti ina asidi ya klorojeniki, ambayo ndani ya alikali hushikana na oksijeni na kuifanya protini kuwa ya kijani. Nani atakoroga uji wa mtoto kwa unga wa kijani? Kuosha mashudu kwanza kwa ethanoli kunajulikana miongo mingi. Lakini ukipata joto, muda au mpangilio wa hatua unaozuia rangi hiyo bila kupoteza protini, na mjuzi wa kawaida wa fani asingeufikia kirahisi, hapo una uvumbuzi. Kwenye maombi, ukidai alikali ya pH 8.5 peke yake, mshindani atatumia 8.8 akukwepe, ukidai 7 hadi 11, umezoa na ya wengine yaliyokwisha kuchapishwa.

Pekua kwanza Patentscope, hifadhidata ya bure ya WIPO, Shirika la Dunia la Miliki Bunifu. Kisha wasilisha maombi kwenye ofisi ya hataza: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, au ARIPO, shirika la kikanda la Afrika lililoko Harare, kwa nchi kadhaa pamoja. Fanya hivyo kabla ya kupeleka bidhaa Nanenane na kabla ya kuchapisha tasnifu. Ukishawasilisha, una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine za Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwandani ukiwa na tarehe ileile ya mwanzo.

Ila hataza inakutaka uuanike mchakato wote hadharani. Kama mshindani hawezi kuubaini kwa kuupima unga wako, na wanaoujua kiwandani ni wachache, naona heri uufanye siri ya biashara.