Kiungulia sio lazima iwe vidonda vya tumbo

Huku Mbeya mtu akisikia moto kifuani tu ashajiambia ana vidonda vya tumbo, anaenda duka la dawa anachukua vidonge, anameza siku nne akipata nafuu anaacha, baada ya wiki mbili yuko palepale. Sisi wa kitengo cha magonjwa ya ndani tunawaona wagonjwa wa hivi kila kliniki na inauma kwa kweli, maana wengine miaka wanatibu kitu wasichokuwa nacho.

Iko hivi. Pale umio, yaani njia ya chakula toka kooni, unapoingia tumboni kuna msuli wa duara, unafunguka ukimeza alafu unajifunga. Ukilegea, asidi inapanda juu na umio haujaumbwa kuhimili asidi, ndo unasikia moto toka chembe ya moyo hadi kooni, maji machachu mdomoni, wengine kikohozi kikavu cha usiku au sauti kukwaruza, na ukilala au ukiinama shambani inazidi. Vidonda ni mchubuko wa ukuta wa tumbo lenyewe, na visababishi vikubwa ni bakteria wa H. pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki. Na kile kipimo cha damu cha H. pylori kinaweza kusoma hata maambukizi yaliyokwisha zamani, kwahiyo kama unaweza omba cha kinyesi.

Sasa baridi ya Juni na Julai, Uyole hadi Makete huko, watu wanakula ugali mkubwa usiku wanaingia kwenye blanketi hapohapo. Jamani kula mapema, acha kama masaa 3 kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwa kwa matofali au mbao sentimita 15 mpaka 20, sio kurundika mito maana mito inakukunja tumbo, na lalia ubavu wa kushoto. Punguza uzito kama umezidi, sigara acha, bia na ulanzi punguza. Vyakula sio vilevile kwa wote, mmoja anachomwa na kahawa mwingine na nyanya au viazi vya kukaanga, jichunguze mwenyewe usijinyime kila kitu.

Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, inamezwa nusu saa kabla ya kula, sio ukishashiba, na kawaida ni wiki 4 hadi 8 kwa maelekezo ya daktari. Magadi ya kutuliza kiungulia acheni, yana chumvichumvi nyingi na mwenye presha yanamuumiza.

Ila chakula kikianza kukwama ukimeza, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, hapo njoo upigwe kamera, ile inayopitishwa mdomoni kuangalia umio na tumbo, usisubiri, maana saratani ya umio ukanda huu wa Afrika Mashariki ipo sana. Na chai ya moto sana, ile ya zaidi ya nyuzi 65, WHO kupitia taasisi yake ya saratani ilishaitaja 2016 kuwa huenda inachangia, iache ipoe kidogo. Na maumivu ya kifua yanayobana, yanaenda mkononi au kwenye taya na jasho linakutoka, huo unaweza kuwa moyo, nenda hospitali usiku huohuo.