Vesnina na Makarova: mashoto mmoja na wa kulia mmoja

Wanafunzi wangu wakianza kujifunza tenisi ya wawili wawili, pambano la kwanza ninalowaonyesha ni la Mrusi Elena Vesnina, na ni lile alilopoteza.

Ni fainali ya Wimbledon ya 2015. Yeye na Mrusi mwenzake, Ekaterina Makarova, walikuwa wanakabiliana na Martina Hingis wa Uswisi na Sania Mirza wa India. Seti ya kwanza Warusi waliichukua 7-5, ya pili ikawaponyoka kwenye taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6), ya tatu wakafika 5-2. Imebaki gemu moja. Hingis na Mirza wakaifuta tofauti hadi 5-5, mchezo ukasimama paa lifungwe na taa ziwashwe kwa sababu giza lilikuwa linaingia, na waliporudi wakaenda kushinda 7-5. Gemu tano mfululizo. Wengi wangevunja jozi baada ya kipigo cha namna hiyo. Hawa wawili hawakuachana.

Walikuwa na sababu nzuri ya kubaki pamoja. Makarova ni mashoto, Vesnina anatumia mkono wa kulia, na faida ya mchanganyiko huo wengi hawaijui. Katika wawili wawili, kwa jinsi zamu na ubadilishaji wa pande unavyokwenda, kila mchezaji huanzisha mpira kutoka upande uleule wa uwanja seti nzima. Sasa fikiria jua la alasiri. Wa kulia anaurusha mpira juu kidogo kuliani mwake, mashoto anaurusha kushotoni, kwa hiyo upande ambao jua linamchoma mmoja macho, mwenzake mara nyingi anaona vizuri. Kila seti inapoanza jozi ina ruhusa ya kupanga upya nani atangulie, basi wanajigawa ili asiwepo wa kuumizwa na jua. Halafu kuna mzunguko wa mpira: wa mashoto unakata kuelekea upande wa pili. Mpokeaji akishauzoea mkono mmoja, zamu inageuka na inambidi apange miguu upya.

Kabla ya kipigo kile walikuwa tayari wamechukua Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, 2013, mbele ya Waitalia Errani na Vinci, na US Open 2014, ambako Hingis na Pennetta waliwapiga 2-6 kwenye seti ya kwanza kisha wao wakazichukua mbili zilizofuata, 6-3, 6-2. Baada yake ikaja Rio 2016. Fainali ya Olimpiki, na ng'ambo ya wavu yupo Hingis yuleyule, safari hii na Timea Bacsinszky. Warusi wakashinda 6-4, 6-4. Dhahabu.

Mwaka 2017 wakarudi Wimbledon. Fainali ya wanaume wawili wawili siku hiyo ilikwenda hadi 13-11 kwenye seti ya tano, kwa hiyo wanawake waliingia Centre Court, uwanja mkuu wa Wimbledon, usiku, chini ya paa. Vesnina na Makarova wakawafunga Chan Hao-ching na Monica Niculescu 6-0, 6-0. Mwaka huohuo, peke yake, Vesnina alikuwa ameshatwaa mashindano ya Indian Wells, Marekani, kwa kumshinda Svetlana Kuznetsova kwa seti tatu, kwa hiyo anayesema wawili wawili ni kimbilio la walioshindwa kucheza peke yao amtazame vizuri mama huyu. Juni 2018 akashika namba moja duniani kwa wawili wawili, na Novemba akajifungua binti.

Alirudi uwanjani 2021. Wimbledon, pamoja na Veronika Kudermetova, akafika tena fainali na akapoteza tena seti ya tatu, 9-7, kwa Hsieh na Mertens. Wiki chache baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo, tarehe 1 Agosti, siku aliyotimiza miaka 35, alicheza fainali ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake pamoja na Aslan Karatsev dhidi ya Warusi wenzao, Pavlyuchenkova na Rublev. Walikwenda sare ya seti moja moja, na taibreki ya mwisho, iliyochezwa badala ya seti ya tatu, wakaipoteza 13-11. Vesnina akaondoka na medali ya fedha.